Ombi la kuunganisha linaonyesha komiti 19, zangu ni 3 tu

tawi_bichi
Wakuu, salaam. Nimerekebisha hitilafu ya tarehe kwenye mradi mmoja wa msimbo huria unaotumia Git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo). Kazi nimeifanyia kwenye main (tawi kuu) ya forki yangu, yaani nakala yangu ya mradi, na kila mradi mkuu (upstream) uliposonga mbele nilivuta kwa `git pull upstream main`. Sasa ombi langu la kuunganisha (pull request, la kuomba mradi upokee kazi yangu) lina komiti 19 (mabadiliko yaliyohifadhiwa), na 16 kati yake ni "Merge branch 'main'". Msimamizi anataka nilisafishe bila kupoteza maoni ya wakaguzi yaliyokwisha andikwa, kisha rekebisho liingie pia tawi la 2.x (la toleo la zamani). Nianzie wapi?

msukajembe
Mkuu, weka akiba kwanza:

`git branch akiba main`
`git fetch upstream`
`git switch -c rekebisha-tarehe upstream/main`
`git log --oneline --reverse --no-merges upstream/main..akiba`

Amri ya mwisho itakuorodheshea zile 3 zako tu, ya zamani ikiwa juu. Zichukue kwa mpangilio huohuo kwa `git cherry-pick`, inayonakili komiti moja moja kwenye tawi ulilopo. Kama wakati wa kuvuta uliwahi kutatua mgongano (mistari ileile iliyobadilishwa pande mbili), utatuzi ule umebaki ndani ya komiti ya muunganiko, kwa hiyo utaulizwa tena. Ukimaliza, linganisha `git diff upstream/main...akiba` na `git diff upstream/main...rekebisha-tarehe`. Nukta ni tatu, siyo mbili; zikiwa mbili utaletewa na mabadiliko ya watu wengine. Matokeo yakitofautiana kwenye mistari uliyoigusa wewe, kuna kitu umekiacha njiani.

Baada ya hapo rudisha main kwenye hali ya mradi mkuu kwa `git reset --hard upstream/main`, uisukume.

mlinzi_wa_ripo
Hatua hiyo ya mwisho isubiri kwanza! Ombi lake limefunguliwa kutoka main. Kwenye GitHub, main ya forki ikilingana na ya mradi mkuu, ombi linakosa komiti na linajifunga lenyewe. Tawi chanzo la ombi nalo halibadilishiki baada ya kulifungua. Kwa hiyo sukuma tawi safi juu ya main ileile ya forki yako (origin):

`git push --force-with-lease --force-if-includes origin rekebisha-tarehe:main`

Ombi linabaki lilelile, maoni yanabaki, komiti zinakuwa 3. Main uirudishe likishaunganishwa. Hiyo `--force-if-includes` (ipo tangu Git 2.30) usiiache, maana vihariri vingi vya msimbo hufanya fetch (kuchota habari mpya za ripo) kimyakimya, na fetch ikishapita, `--force-with-lease` peke yake haikulindi tena: inadhani komiti mpya za mwenzako umeshaziona.

Kuanzia sasa weka `git config pull.ff only`. Matawi yakiachana, pull itakataa badala ya kukutengenezea muunganiko usiouomba. Na kila rekebisho lipewe tawi lake.

tawi_bichi
Asanteni sana, zimebaki 3 na maoni yote yapo. Na 2.x?

msukajembe
Subiri liingie main ya mradi, ndipo uanze tawi jingine kutoka `upstream/2.x` na utumie `git cherry-pick -x`. Ile `-x` inaandika kwenye ujumbe namba ya komiti ya asili. Ni muhimu, kwa sababu komiti iliyonakiliwa hupata namba mpya, hivyo `git branch --contains` haitakuonyesha kwamba 2.x nayo imerekebishwa. Wakiunganisha kwa kubana komiti zote kuwa moja, chukua hiyo moja iliyoko main, achana na zako 3.

mlinzi_wa_ripo
Soma mwongozo wa wachangiaji wa mradi wenyewe kwanza. Mradi wa Git, kwa mfano, huenda kinyume: rekebisho huanzia tawi la zamani linalolihitaji (maint), halafu huunganishwa kupanda juu hadi master. Hapo namba ya komiti haibadiliki, na `--contains` inasema kweli.

Wakibana komiti, `git branch -d` itakataa kufuta tawi lako ikidai halijaunganishwa. Hakikisha badiliko lipo main, kisha tumia `-D`. Ukifuta kimakosa, `git reflog` (kumbukumbu ya hatua zako) kwa kawaida huzishikilia komiti zisizo na tawi kwa siku 30.