Naomba ushauri, mtihani wa unesi wa NCLEX nimeanguka mara ya 3
Habari zenu jamani. Mimi ni nesi huku Arua, Uganda, NCLEX-RN (mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani) nimeifanya mara 3 na zote nimeanguka. Juzi kompyuta ilinipeleka mpaka swali la 150, la mwisho kabisa, mikono inatetemeka kwenye mausi. Dawa nazijua, wodini niko kila siku, ila yale maswali ya chagua majibu yote sahihi na ya mgonjwa yupi umuone kwanza ndo yananimaliza kabisa. Siku 45 za kusubiri kabla ya kurudia mtihani zinakaribia kuisha na hela ninayo ya mara moja tu, sasa nirudie vitabu vyote toka mwanzo au nikomae na maswali tu kila nikitoka zamu ya usiku? Mliofaulu baada ya kuanguka, mlibadilisha nini?