Danubi kwa siku tisa: Vienna, Bratislava, Budapest au Belgrade? Naomba ushauri

Mto_Rufiji

Wakuu, habari za humu.

Tunapanga kuufuata Mto Danubi mwishoni mwa Septemba: mimi, mke wangu na mtoto wa miaka 6. Tunatokea Dar, usiku wa kulala ni 9, pasi zote za Tanzania, viza bado hatujaomba. Kwenye ramani naona miji mikuu minne imekaa juu ya mto mmoja, nikawaza tuipitie yote kwa usiku 2 au 3 kila mmoja.

Naomba kujua: mji upi upewe siku nyingi na upi ni wa kupita tu? Treni, meli au basi? Na kipi huwaharibia watu safari ya namna hii? Kinachotuvuta ni mto wenyewe, maduka baadaye. Mfuko wetu ni wa kati.

Nawasilisha.

---

Bint_Pangani

Karibu mkuu. Anza na viza, maana ndiyo itakayokuchagulia miji.

Austria, Slovakia na Hungaria zote zimo Schengen, viza moja inatosha. Serbia haimo. Viza yako ikiwa ya kuingia mara moja, siku ukivuka kwenda Belgrade imekwisha kazi, hata kama tarehe zake bado. Huwezi kurudi Budapest kupanda ndege. Kwa hiyo kama Belgrade ni lazima, ama uombe ya kuingia zaidi ya mara moja, ama Belgrade iwe kituo cha mwisho na tiketi ya ndege itokee huko huko. Serbia yenyewe huwapokea wenye viza hai ya Schengen bila kudai viza yao nyingine, lakini soma masharti kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje kabla ya kulipia chochote.

La pili, ombi hupelekwa ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ndipo inakuwa nchi unayoingilia kwanza. Watu wengi hukosea hapa: ndege inatua Vienna, wanaomba Austria, huku hoteli zinaonyesha usiku 2 Vienna na usiku 5 Budapest. Afisa anahesabu tu, hana haja ya kukuuliza.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, kwa hiyo wako analipiwa. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000 na ifunike siku zote. Dirisha la kuomba linafunguka miezi 6 kabla ya safari na linafungwa siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15.

---

Mzee_wa_Reli

Nakazia hapo kwa Bint Pangani, kisha niongeze umbali, maana ramani inadanganya.

Danubi huhesabiwa kinyume na mito mingine mingi: kilomita sifuri iko mdomoni, Sulina kule Romania, na namba zinapanda kuelekea chanzo. Vienna iko kama kilomita 1,929, Bratislava 1,869, Budapest 1,647, Belgrade 1,170. Toa mwenyewe. Vienna hadi Bratislava ni 60 tu. Bratislava hadi Budapest 222. Budapest hadi Belgrade ni 477! Miji mitatu ya juu ni jirani, wa nne uko mbali, na katikati kuna mpaka wa Schengen wenye foleni. Reli ya Budapest na Belgrade imekuwa kwenye ujenzi kwa miaka, wengi wamekuwa wakitegemea basi, na basi hilo linaweza kukaa mpakani muda usiotabirika. Kwa usiku 9 na mtoto, iache Belgrade.

Sasa treni, na hapa ndipo wanaoupenda mto hukosea njia.

Treni ya haraka ya Vienna kwenda Budapest inaitwa Railjet, saa 2 na dakika 40 hivi. Nzuri, safi, lakini inapita Győr na Tatabánya, mto unauona kidogo sana. Njia ya mto ni ile ya kupitia Bratislava. Kutoka Bratislava hadi Budapest ni saa 2 na nusu hivi, na sehemu ya mwisho reli inashikana na ukingo wa kushoto wa Danubi. Kaeni upande wa kulia mkielekea Budapest. Mkifika Štúrovo mtaona kanisa kubwa la Esztergom ng'ambo ya pili, ile tayari ni Hungaria. Kisha Szob, Nagymaros, Vác: hapo mto unapinda kutoka mashariki kwenda kusini katikati ya vilima, na ngome ya Visegrád iko juu ng'ambo. Mkikaa kushoto mtaona nyua za nyuma za nyumba za watu.

Soma jina la kituo cha mwisho kwenye tiketi. Treni za njia hii nyingi huishia Nyugati, Railjet huishia Keleti. Ni vituo viwili tofauti kabisa vya Budapest, na hoteli ya karibu na kimoja iko mbali na kingine.

Kutoka Vienna kwenda Bratislava nako kuna mtego. Reli ni mbili, moja inaingia hlavná stanica, yaani kituo kikuu, nyingine inaingia Petržalka, kusini ya mto. Zote zinachukua saa moja hivi. Mkiwa mnaendelea na safari ya Budapest, mnataka kituo kikuu.

Tiketi za bei ya chini za mapema zimefungwa kwenye treni hiyo moja. Ukiikosa, imekwenda na hela yake. Kabla ya kununua, linganisha bei kwenye tovuti ya reli ya Austria, ÖBB, na ile ya Hungaria, MÁV. Behewa ni lile lile ila bei mara nyingi si moja.

---

Kasuku_Tanga

Mimi naomba nitofautiane kidogo na wale watakaokuja kuisifu Vienna. Muuliza swali kasema anataka MTO.

Vienna mjini hakuna Danubi. Kinachopita karibu na mji wa kale ni mfereji, Donaukanal. Mto wenyewe ulinyooshwa miaka ya 1870 na kusogezwa nje kwa kuogopa mafuriko, kisha kati ya 1972 na 1988 wakachimba mkondo wa pili wa kupokea maji ya ziada. Udongo uliochimbwa ndio ukawa kisiwa cha Donauinsel, urefu kilomita 21. Kwa hiyo mgeni anatembea siku mbili katikati ya makasri akiuliza mto uko wapi. Dawa yake: panda treni ya chini ya ardhi ya U1, shuka kituo kinachoitwa Donauinsel, unatokea katikati ya mto. Mtoto atakimbia, mtakodi baiskeli, hakuna magari.

Budapest ni kinyume chake. Mto ndio uti wa mgongo wa mji: Buda yenye vilima upande wa magharibi, Pest tambarare upande wa mashariki, na ilikuwa miji tofauti mpaka ilipounganishwa 1873. Huwezi kwenda popote bila kuvuka. Tramu namba 2 inatambaa ukingoni upande wa Pest na inapita mbele ya bunge, kwa nauli ya kawaida ya mjini. Ukitaka kulitazama bunge lote, usisimame Pest. Vuka kwa treni ya chini ya ardhi ya M2 hadi Batthyány tér, liko mbele yako ng'ambo. Nendeni jua likizama, msubiri taa. Usiku wa manane taa huzimwa.

Uamuzi wangu: Budapest 5, Vienna 3, Bratislava 1.

---

Mlima_Kulal

Salamu kutoka Marsabit. Kasuku yuko sawa kuhusu mto, ila kwa Mwafrika Mashariki Vienna ina jambo moja la kutazama. Ziwa Turkana liliitwa Rudolf tangu 1888 mpaka 1975. Waliolipa jina hilo ni Teleki, mtu wa Hungaria, na von Höhnel, mtu wa Austria, na huyo Rudolf alikuwa mwana wa mfalme wao. Kaburi lake liko Kapuzinergruft, pango la makaburi ya kifalme, katikati ya Vienna. Alikufa Januari 1889, ziwa hakuliona. Nusu saa inatosha. Mtoto mwoga wa majeneza abaki nje na mama.

---

Mto_Rufiji

Asanteni sana wakuu, Belgrade nimeifuta. Swali: vipi zile meli za kulala ndani, mnapanda Passau kule Ujerumani mnashukia Budapest? Naona inaondoa adha ya mizigo na hoteli.

---

Shikilia_Usukani

Mizigo inaondoa. Kina cha maji haikiondoi.

Meli hizo zinashindwa kwa njia mbili. Maji yakipungua, sehemu ambazo hazina mabwawa hukosa kina. Juu, kabla ya kufika Passau, ni kati ya Straubing na Vilshofen kule Bavaria. Chini ni kuanzia bwawa la Gabčíkovo la Slovakia kushuka Budapest. Maji yakizidi, meli haipiti chini ya madaraja na mamlaka hufunga mto. Agosti 2022 ukame ulishusha maji hadi mabaki ya meli za kivita za Wajerumani zilizozamishwa mwaka 1944 yakajitokeza kule Prahovo, Serbia. Septemba 2024 ikawa kinyume, mafuriko: Budapest maji yalipita mita 8 na barabara za ukingoni zikawa chini ya maji. Mwezi wako huo huo, angalia.

Ikitokea, kampuni hukuhamishia kwenye basi, au mnabadilishana meli na kundi linalotoka upande wa pili. Kabla ya kulipa soma kipengele cha kina cha maji kwenye mkataba: mara nyingi wana haki ya kubadili njia bila kukurudishia hela. Tena meli nyingi za namna hii hazikutengenezwa kwa watoto. Hakuna pa kuchezea, abiria wengi ni wastaafu.

Kama mnataka kuonja meli, chukueni vipande vifupi. Viwili vinatosha:

Cha kwanza, bonde la Wachau, kati ya Melk na Krems, kilomita 36 hivi. Kutoka Vienna nendeni Melk kwa treni asubuhi, mpande meli kushuka hadi Krems, mrudi Vienna kwa treni. Lazima iwe kwa mwelekeo huo. Kushuka ni saa 1 na dakika 40 hivi, kupanda ni karibu saa 3 kwa sababu ya mkondo, na mtoto wa miaka 6 atawamaliza. Njiani kuna Dürnstein, na gofu la ngome alimofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1192.

Cha pili, boti ya kasi Twin City Liner, Vienna hadi Bratislava, dakika 75. Hii inaanzia kwenye ule mfereji pale Schwedenplatz, kisha inatokea kwenye mto mkubwa. Bei yake ni juu ya treni, lakini inawafikisha karibu na mji wa kale wa Bratislava.

---

Senti_Tano

Kuhusu hela na tiketi, upesi upesi.

Vienna na Bratislava ni euro, Budapest ni forint. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa forint au kwa sarafu ya kadi yako, jibu ni forint kila mara. Ukichagua sarafu yako wanakupangia kiwango chao. Dirisha la kubadilishia pesa la uwanja wa ndege au kituo cha treni ni la dharura tu.

Budapest, tiketi ya karatasi ya safari moja haina thamani mpaka uigonge kwenye kimashine, mlangoni mwa treni ya chini ya ardhi au ndani ya tramu. Wakaguzi wa Budapest hawasikilizi "mimi ni mgeni".

Kutoka uwanja wa ndege wa Vienna msichukue treni ya CAT kwa mazoea ya matangazo. Treni ya kawaida ya S7 inafika kituo hicho hicho cha Wien Mitte, imezidi dakika kumi hivi, bei chini sana. Budapest, basi la 100E linalokwenda uwanja wa ndege lina tiketi yake, pasi ya kawaida ya mji haifai.

Mtoto: Vienna bure ni chini ya miaka 6, kwa hiyo wako nusu nauli. Hungaria watoto chini ya 14 hupanda bure, tembea na pasi yake ya kusafiria kuthibitisha umri.

---

Mto_Rufiji

Basi rasimu yangu: Ijumaa tunatua Vienna, tunalala usiku 3. Jumapili ni Wachau. Jumatatu boti hadi Bratislava, usiku 1. Jumanne treni ya mchana, upande wa kulia 😀, Budapest usiku 5, tunaondokea huko. Viza Hungaria. Kuna tundu?

---

Mzee_wa_Reli

Matatu madogo.

Jumapili Austria maduka hufungwa, hata ya vyakula, isipokuwa machache ndani ya vituo vikubwa vya treni. Chakula cha mtoto cha kubeba Wachau kinunuliwe Jumamosi mchana. Maji msinunue kabisa, ya bomba la Vienna yanatoka milimani tangu 1873.

Bratislava msiishie mji wa kale. Basi namba 29 kutoka chini ya daraja la Most SNP linawafikisha Devín, ngome juu ya mwamba pale Mto Morava unapoingia Danubi. Zingatia kwamba hlavná stanica iko mlimani kidogo kutoka mji wa kale. Na mabegi pandeni tramu au basi.

Budapest kwa siku 5 mna nafasi ya siku moja ya nje. Treni kutoka Nyugati hadi Nagymaros-Visegrád, kisha kivuko kuvuka mto, kisha ngomeni. Kagueni saa ya kivuko cha mwisho kabla ya kupanda mlima.

---

Kasuku_Tanga

Na reli ya watoto kwenye vilima vya Buda, Gyermekvasút, kilomita 11 na ushee. Wanaokata tiketi na kupiga saluti kituoni ni wanafunzi wa miaka 10 hadi 14, dereva ni mtu mzima. Mabwawa ya maji moto soma kwanza masharti ya umri, mengi hayataki watoto. Siku za kawaida za Septemba reli hiyo huwa na mapumziko, hasa Jumatatu, kwa hiyo ipangeni Jumamosi.

---

Bint_Pangani

Mkuu, weka hoteli za kufutika bila gharama kwa usiku zote 9 kabla ya kupeleka ombi, na majina yote matatu yaonekane kwenye kila uthibitisho. La mtoto ndilo husahaulika.