Ushauri: trauti wananikimbia Mto Suam, na mawe yananitelezesha

Ndoano Tupu:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua uvuvi wa nzi bandia, siyo wa minyoo. Niko Uganda, upande wa Bukwo, sehemu za juu za Suam ambako maji bado ni baridi na mto una upana wa mita sita hadi kumi. Nina ufito wa futi 9 namba 5, mshipi wa kuelea, na lida (uzi mwembamba unaounganisha mshipi na nzi) ya futi 9 inayoishia unene wa 5X. Nzi nilio nao ni Adams wa kuelea namba 14, Pheasant Tail namba 16 mwenye shanga kichwani, na Kenya Bug namba 10. Suruali ya mpira sina, naingia na gambuti.

Samaki nawaona kabisa wamelala kwenye madimbwi, nikisogea wanachomoka. Nzi wa kuelea akitua anakwenda vizuri kidogo tu halafu anaanza kuburutwa kama mashua. Nikirusha kwa nguvu, nzi anabaki kwenye vichaka nyuma yangu. Na mawe yanateleza kama yamepakwa sabuni. Nianzie wapi? Kibali nacho kinatolewa na nani?

Fundi Nzi:
Anzia miguuni, ndugu. Hayo mengine yatafuata.

Gambuti vua leo. Maji yakipita juu ya shingo yake, kila mguu unabeba lita kadhaa za maji, na ukianguka huwezi kuuvua haraka. Soli yake ni mpira tu, juu ya jiwe lenye ukungu wa mwani haishiki kitu. Vaa viatu vya kamba vinavyobana kifundo, vyenye soli ngumu, na soksi nene za sufu. Suruali ya mpira kwa mto wa upana huo siyo lazima, kaptula inatosha, ila ukianza kutetemeka toka ujikaushe, maana miguu iliyokufa ganzi haisikii jiwe. Siku ukipata suruali ya mpira, mkanda wa kiunoni usikose, na uwe umekazwa. Ndio unaozuia maji yasijae miguuni ukianguka.

Kata mti imara unaofika kifuani, ufunge kamba uning'inie kiunoni wakati unarusha. Ukivuka, mti unauweka upande wa maji yatokako na kuuegemea. Mwili uelekee ng'ambo kwa ubavu, uso ukitazama kidogo juu ya mto, ili maji yakute upande mwembamba wa mapaja. Usinyanyue miguu kama unatembea barabarani. Buruta, papasa, kanyaga kati ya mawe na siyo juu yake, na usihamishe mguu wa pili kabla wa kwanza haujatulia. Wakati wote vitu viwili kati ya vitatu, yaani miguu miwili na mti, viwe vimeshika chini.

Kabla ya kuingia, pima. Tupa kijiti, hesabu sekunde kinazotumia kwenda mita 10, upate kasi. Zidisha kasi hiyo kwa kina cha maji kwa mita. Jibu likikaribia 0.9, usiingie. Mfano: maji ya goti, nusu mita, na kijiti kinamaliza mita 10 kwa sekunde 5. Kasi ni mita 2 kwa sekunde, mara 0.5 ni 1. Hayo ni maji ya goti tu na tayari yatakubeba. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne, na hapo ndipo watu wanapojidanganya: wanaangalia kina, wanasahau kasi. Kwa mtu aliye peke yake mimi nakata nusu, yaani 0.45.

Benet Juu:
Naongezea la mvua, maana wageni hawalijui. Mlima Elgon mvua nyingi hunyesha mchana kuelekea jioni, na inaweza kunyesha huko juu wakati wewe uko kwenye jua. Suam inatoka ndani ya kreta ya mlima na kushuka kwenye korongo jembamba, kwa hiyo maji yakija hayana pa kutawanyika. Ukiona maji yaliyokuwa meupe yamekuwa rangi ya chai, au majani makavu na vijiti vimeanza kuelea, au jiwe uliloliona kavu sasa limelowa, toka upande ulikotokea. Usivuke kufuata begi lililobaki ng'ambo. Anza alfajiri, umalize saa saba mchana. Desemba hadi Februari mto unakuwa safi na mdogo. Aprili na Mei huwa ni tope tupu.

Ndoano Tupu:
Nikianguka je?

Fundi Nzi:
Lala chali, miguu mbele, vidole juu ya maji, magoti yamekunjwa kidogo. Achia ufito. Piga mikono kuelekea ukingoni kwa mshazari. Usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi, mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utakulaza kifudifudi na hutainuka. Simama makalio yakishagusa changarawe.

Mama Trauti:
Sasa samaki. Mwanangu, hao hawakimbii nzi wako, wanakukimbia wewe. Trauti hulala uso ukielekea maji yatokako, kwa sababu chakula na hewa vinatoka huko. Ukishuka na mto unamjia usoni, na kila jiwe unalosukuma linamtangulizia habari, tope pia linamfikia kabla yako. Panda na mto kutoka chini. Nyuma ya mkia wake kuna sehemu asiyoiona. Piga magoti, vaa nguo za rangi ya majani au udongo, na kivuli chako kisimfikie. Kofia nyeupe iache kwenye bodaboda.

Na kosa kubwa kuliko yote: mnaingia mtoni mapema mno. Kwenye mto wa mita nane, samaki wengi wako kwenye mita mbili za ukingoni, pale pale mnapokanyaga mkiingia. Rusha kwanza ukiwa nchi kavu. Ukingo wa karibu, kisha katikati, kisha ng'ambo. Ingia tu pale ambapo bila kuingia hufiki, na maji ya goti yanatosha. Ukishaingia, simama dakika mbili tatu bila kufanya kitu.

Dimbwi lina kichwa huko juu, tumbo, na mkia huko chini. Anza mkiani. Samaki wa mkia ukimtisha atapanda kwa kasi kupitia tumbo lote, na dimbwi hilo limekwisha kwa muda mrefu. Kwenye maji ya haraka yenye mawe, angalia maji yaliyo mbele ya jiwe, siyo nyuma yake tu. Mbele ya jiwe huwa kuna kifuko cha maji tulivu na trauti wakubwa hupenda kukaa hapo. Kisha ule mstari ambapo maji ya kasi yanasuguana na ya polepole: anakaa upande wa polepole, anakula upande wa kasi.

Fundi Nzi:
Hilo la ukingo wa karibu lisomwe mara mbili.

Kuhusu kuburutwa: mshipi wako umelala juu ya mikondo mitatu yenye kasi tofauti. Wa katikati unakimbia, unaukunja mshipi uwe tumbo, tumbo linavuta lida, lida inamvuta nzi. Dawa ya kwanza siyo ufundi, ni kusogea. Karibia, rusha mita sita hadi nane tu kutoka mwilini mwako mpaka kwa nzi. Ukitoa urefu wa ufito na lida, mshipi mnene uliobaki nje ni mfupi sana. Inua ncha ya ufito ili huo mshipi mnene usiguse kabisa mkondo wa katikati, igusane lida peke yake. Ufito wako wa futi 9 unakufaa hapo.

Ikibidi urushe mbali, basi mara tu nzi anapotua, inua mshipi kwa ncha ya ufito na kuulaza upande wa maji yatokako, kwa mzunguko mdogo wa kifundo cha mkono. Ufanye kabla haujaanza kuvuta. Ukichelewa, kuuinua kwenyewe ndiko kunakomburuta nzi.

Vichaka: acha kurusha nyuma. Mshipi ukiwa juu ya maji mbele yako, uvute polepole ufito ukiinuka mpaka mkono ufike usawa wa sikio na mshipi uning'inie nyuma kidogo ya bega kama herufi D. Simama kidogo. Kisha sukuma mbele na ukate ghafla ufito ukiwa usawa wa macho. Mshipi utajikunjua juu ya maji. Ukishindwa, sababu huwa moja kati ya mbili: hukusimama D ikajenga, au mshipi wote umeuinua hewani. Lazima sehemu yake ishikwe na maji, bila hivyo ufito hauna kitu cha kujipinda nacho. Na ukiwa chini ya miti punguza lida mpaka futi 7 na nusu.

Uzi Mwembamba:
Halafu 5X kwa Kenya Bug namba 10? Hapana mkuu. Gawanya namba ya ndoano kwa tatu upate unene wa tipeti, yaani uzi wa mwisho unaofungwa nzi: 10 inataka 3X, 14 na 16 zinataka 5X. 5X ina milimita 0.15 hivi, 3X milimita 0.20. Nzi mnene kwenye uzi mwembamba anajisokota hewani, uzi unapinda kama waya wa simu na unakatika fundoni. Lida na tipeti ziunganishe kwa fundo la daktari (surgeon's knot), nzi kwa fundo la mizunguko mitano (clinch knot). Lowesha fundo kwa mate kabla ya kukaza. Uzi mkavu unaungua kwa msuguano na huoni kitu, unaona tu samaki kaondoka na nzi. Kila ukigusa jiwe, pitisha kucha kwenye sentimita 20 za mwisho. Ukihisi mkwaruzo, kata, funga upya.

Mama Trauti:
Na nzi wa kuelea usimng'ang'anie. Geuza mawe matatu ya kwenye maji ya kasi uone kuna nini. Mara nyingi utakuta wadudu wadogo wa kahawia wenye mikia mitatu, wembamba kama punje ya mchele, na vifuko vya changarawe vyenye mnyoo ndani. Hao ndio chakula cha siku nyingi, na Pheasant Tail wako namba 16 ndiye wao. Mzamishe. Funga kipande kidogo cha sufu nyeupe kwenye lida, umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji kutoka kwa nzi. Maji ya nusu mita, sentimita 75. Rusha juu ya mto, sufu ishuke kwa kasi ile ile ya mapovu yaliyo karibu nayo. Ikisimama, ikizama, ikienda pembeni, inua ufito. Usingoje kusikia mvuto mkononi, trauti anakuwa ameshamtema. Ukipita mizunguko mingi bila kugusa chini hata mara moja, nzi wako yuko juu mno, ongeza urefu.

Benet Juu:
Hapo kwenye sufu tunatofautiana, dada. Maji ya Januari ni machache na maangavu, sufu ikitua inatisha. Mimi naona afadhali amfunge Adams 14 juu, na kwenye mkunjo wa ndoano yake afunge sentimita 50 za 5X na Pheasant Tail chini. Adams anakuwa alama na chambo kwa pamoja. Kenya Bug aliye mweusi abaki wa maji yaliyochafuka kidogo baada ya mvua, arushwe kwa mshazari kuelekea chini na kuvutwa polepole kwenye madimbwi ya kina.

Mama Trauti:
Kwa Januari nakubali. Kwenye maji ya kasi yenye mawimbi Adams anazama kila mara, utakuwa unamkausha siku nzima.

Ndoano Tupu:
Asanteni sana. Kuna muda wa kuvua na muda wa kuacha?

Uzi Mwembamba:
Beba kipimajoto. Nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi ndizo nzuri. Zikipita 18 anza kufikiria kwenda nyumbani, 20 acha kabisa. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa nyepesi inapunguza kama sehemu ya tano tena. Samaki aliyepigana kwenye maji hayo ukimwachia anaogelea vizuri, halafu anafia mbele. Bana kile kikucha cha ndoano kwa koleo, lowesha mikono kabla ya kumshika, usimtoe majini zaidi ya unavyoweza wewe kubana pumzi, na mshike akielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe.

Benet Juu:
Kibali: ndani ya Hifadhi ya Mlima Elgon ni mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, UWA, na utapewa askari wa kukuongoza. Nje ya hifadhi muone afisa uvuvi wa wilaya. Kumbuka mahali pengi Suam ndiyo mpaka, kwa hiyo ukipanda ukingo wa ng'ambo uko Kenya, na huko wana leseni yao. Tembea na kitambulisho. Na usihamishe trauti hai kupeleka kijito kingine, hata rafiki akikuomba. Ni samaki wa kigeni walioletwa, wanakula samaki wadogo wa asili, na kuwahamisha kunahitaji ruhusa.

Fundi Nzi:
Viatu vikitoka Suam vioshe na uvianike juani mpaka vikauke kabisa kabla ya kuingia mto mwingine, hasa vikiwa na soli ya kitambaa kizito kilichoshindiliwa (felt). Kinashika vizuri juu ya mwani kuliko mpira, ila kinabeba mbegu na vijidudu. Kama ni mto huo huo kesho yake, lowesha tena asubuhi kabla ya kukanyaga jiwe la kwanza. Kitambaa kikavu kinateleza.

Ndoano Tupu:
Na gambuti nimpe nani?

Mama Trauti:
Anayelima viazi hapo jirani.