Uongo wa sayari "Nibiru" nusura umnyime mama yangu msimu wa kilimo

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza.

Juzi nimempigia mama kijijini kumuuliza kama ameshanunua mbegu. Akanijibu, "Mbegu za nini mwanangu, na mwezi wa tisa hatupo?" Nikadhani anaumwa. Kumbe kwenye grupu lao la kuweka na kukopa kuna mtu anayejiita mtumishi, karusha sauti ya dakika 11: sayari Nibiru inakuja kuigonga dunia, wakubwa wanajua ila wanaficha, tuma sadaka ya maandalizi kwa namba hii. Mama katuma. Elfu sitini, hela yote ya mbegu, na mvua imeshaanza kunyesha!

Mnaosambaza huu upuuzi, mnajua ulikotoka? Mwaka 1995 mama mmoja wa Marekani, Nancy Lieder, alidai viumbe wa nyota ya mbali wanaongea naye kichwani. Akasema sayari itafika Mei 2003. Haikuja. Wafuasi wakaisogeza hadi tarehe 21 Desemba 2012. Haikuja. Mwingine akataja tarehe 23 Septemba 2017. Leo mmeifasiri kwa Kiswahili, mkabandika aya za Biblia, mnawauzia wazee wetu kama unabii.

Nikapanda basi hadi kijijini. Kilichomtisha mama zaidi ni picha ya "jua la pili", wanalodai ndilo Nibiru yenyewe. Jioni nikachukua simu yake nikailekeza kwenye jua linalozama. Doa la pili likatokea, la kijani kibichi. Nikaizungusha simu kidogo, doa likahama, jua likabaki palepale. Nikaziba jua kwa kiganja, doa likapotea. Ni mwanga unaogonga-gonga ndani ya lenzi tu. Mama akaomba simu, akajaribu mwenyewe mara tatu.

Usiku tukakaa uani. Yeye ndiye aliyenifundisha Kilimia, kile kikundi cha nyota cha kupimia msimu wa kilimo, nikiwa mdogo, anaijua mbingu kuliko hao watumishi. Nikamwonyesha sayari ya Mshtarii (Jupita) inang'aa juu yetu. Ile iko zaidi ya kilomita milioni 500 na tunaiona kwa macho matupu. Sayari yenye upana mara nne ya dunia, iliyobakiza miezi sita ifike, ingekuwa kwenye umbali huohuo au karibu zaidi. Kila mvuvi na kila mlinzi wa usiku angekuwa ameshaiona. Nani angeificha, na kwa turubai gani?

Halafu msiniletee ile ya "NASA (shirika la anga la Marekani) wamekiri sayari ya tisa". Wanasayansi wa anga Batygin na Brown walipendekeza mwaka 2016 kwamba huenda ipo, na kwa hesabu yao umbali wake kutoka kwenye jua ni kama mara 20 ya ule wa sayari ya Neptuni. Haisogei huku kwetu. Darubini ya NASA iliyoko angani, WISE, ilikagua anga zima, na matokeo ya mwaka 2014 hayakuonyesha sayari yoyote kubwa kama Zohali (Saturn) inayojificha huko nje.

Mbegu nimenunua mimi, tumepanda jana, tumechelewa wiki mbili nzima. Mahindi ya jirani yameshachomoza. Na ile namba ya sadaka, leo asubuhi nimeijaribu kwa shilingi mia tano: bado inapokea. Kama mzazi wako yuko kwenye grupu la namna hii, mpigie leo, muulize ameshatuma ngapi.