Kigeuzi cha Berkeley cha 1975: kwa nini kapasita?

Swali: Wakuu, McCreary na Profesa Paul Gray wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walijenga kigeuzi cha analogi kwenda dijitali kwa MOS tupu (teknolojia ya transista za chipu), wakitumia kapasita (vihifadhi chaji) badala ya rezista (vizuizi vya mkondo). Rezista zilikosa nini?

Jibu 1: Rezista za MOS wakati ule zilikuwa ovyo, joto likizipeperusha. Kwa kapasita kinachohesabika ni uwiano wa maeneo ya bamba zake. Biti 10 ni vipande 1,024 vya kapasita vinavyolingana. Kapasita kubwa kuliko zote huunganisha vipande 512. Usiichore kama bamba moja! Kingo zikilika kwenye asidi ya kuchonga chipu, uwiano umekwenda.

Jibu 2: Zungushia safu ya kapasita vipande bandia (visivyounganishwa na saketi) pia, vya pembeni hulika tofauti.

Jibu 3: Msibane ukubwa wa kapasita mno: 1 pF (pikofaradi) kwa 300 K (kelvini, kama joto la chumba) hubeba kelele ya mikrovolti 64 hivi. Swichi nayo humwaga chaji ikizimwa, kwa hiyo tangulizeni kuzima ile ya upande wa ardhi (volti sifuri).