Tuba ya Bb au ya Eb: naomba ushauri kabla sijalipa

Sauti_ya_Chini: Ndugu zangu, muuzaji amenihifadhia tuba mbili, zile ala kubwa za shaba za sauti ya chini, hadi mwisho wa juma: moja ya Bb yenye vali (vibonyezo vya kurefusha njia ya pumzi) za kuzunguka, na nyingine ya Eb yenye pistoni, yaani vali za kupanda na kushuka. Bb na Eb ni noti za msingi za tuba hizo. Napenda sauti nene ambayo haikokoti. Nichukue ipi?

Besi_Mpole: Umetuficha nusu ya swali, ndugu. Unapuliza katika okestra, katika bendi ya matembezi au katika kundi la watu watano? Hiyo ya Eb ina pistoni tatu au nne?

Mrija_Mfupi: Bila kusubiri majibu, nasema Eb. Mrija wake una takriban mita 4, ilhali ule wa Bb unafika mita 5.5, na kwa sababu hiyo noti za juu hazisongamani midomoni na unazipata kwa uhakika zaidi.

Pumzi_Ndefu: Mimi nilinunua Bb ya ukubwa wa 6/4, yaani pana kupita za kawaida, kwa sababu sauti yake ilijaza chumba nilichoijaribia, nikaamini nimefika. Katika kundi letu la watano kila noti fupi ilichelewa kuitika, tarumbeta zikawa zinanisubiri, na nilipopunguza pumzi ili nisiwafunike wenzangu, sauti ilipoteza kiini chake ikabaki mvumo tu. Niliihangaikia miaka miwili, nikibadilisha vipulizio, kabla ya kukubali kwamba chombo kilikuwa kizuri ila hakikuwa changu. Tafadhali mwombe mtu akusikilize akiwa mbali, kwa maana anayepuliza hasikii kile kinachomfikia msikilizaji.

Besi_Mpole: Hilo ni tatizo la ukubwa, wala si la Bb. Upana wa mrija na wa mdomo mpana wa tuba inapotokea sauti huamua unene wa sauti kuliko ufunguo wake, yaani kuwa ya Bb au Eb. Zipo Bb nyembamba zinazoitika upesi.

Sauti_ya_Chini: Samahani kwa kuchelewa. Napuliza katika bendi ya shaba, na mara chache katika kundi la watano. Eb ina pistoni nne. Kuhusu ukubwa wa Bb sikuuliza.

Mrija_Mfupi: Basi tazama kama kila moja ya pistoni tatu za kwanza ina kijirija kidogo cha pili. Huo ni mfumo wa fidia alioubuni David Blaikley mwaka 1874: ukibonyeza vali ya nne, pumzi hupita tena katika pistoni na kuongezewa urefu unaopungua, hivyo noti za chini hazipandi juu ya kimo chake sahihi.

Pumzi_Ndefu: Na uzito unaongezeka, na noti hizo hizo za chini zinakuwa nzito kupuliza. Mimi ningechagua vali ya tano.

Besi_Mpole: Vali ya tano inataka vidole vijifunze upya. Ndugu mwenye swali, katika bendi yenu Bb wako wangapi kwa sasa?