Julai twaenda Lamu na watoto: wafundisheni saa kabla ya safari

Kutoka: mama wa wawili, London

Assalaam aleikum ndugu zangu. Skuli zikifunga Julai, inshallah, nawapeleka wanangu Lamu kwa mama yangu kwa mara ya kwanza. Mkubwa ana miaka saba, mdogo minne. Nimeshanunua kofia, mafuta ya jua, viatu vya maji na masanduku mawili yenye magurudumu. Ninachotaka kujua ni kile nisichoweza kukinunua dukani. Wale mliokwenda na watoto wadogo, ni kipi kiliwasumbua? Na je, nikiwatoa skuli siku chache mapema nipate nauli nafuu, kuna ubaya?

Kutoka: mama wa binti na mvulana, London (kwetu Langoni, Lamu)

Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Hayo masanduku ya magurudumu yaache. Ukishuka uwanja wa ndege wa Manda utapanda boti, na ukifika ng'ambo mizigo huchukuliwa kwa mkokoteni, kwa punda au begani. Vichochoro vyetu unavijua. Chukua mabegi laini.

Kilichotusumbua sisi ni saa. Si joto, si chakula, si mbu. Saa.

Hapa London mwezi wa Juni jua lazama saa tatu na dakika ishirini usiku. Wanangu walikuwa wakilazwa huku jua lingali likiwatazama dirishani, na kila jioni ni kesi: "Mama, si usiku, tazama nje!" Nikatundika pazia zito jeusi. Mvulana, wakati huo miaka mitano, akawa analinyanyua pembe kwa kidole, atoe ushahidi. Basi mtoto huyo kichwani mwake ameshaweka kwamba likizo ni mchana usiokwisha.

Tukafika Lamu. Jioni ya kwanza tumekaa kiwandani (yaani uani) kwa mama, watoto wacheza na binamu zao, na ilipofika saa kumi na mbili na nusu hivi giza likaingia. Wajua linavyoingia kwetu, huna muda hata wa kutafuta kandambili. Mvulana akasimama katikati ya kiwanda, mpira mkononi, akauliza kwa sauti: "Nani amezima?" Mama yangu akamjibu bila kucheka, "Mola wako, mwanangu. Nenda ukatawadhe."

Nilimweleza kwamba Lamu iko karibu na ikweta, kama digrii mbili tu kusini yake, kwa hivyo mchana na usiku hulingana mwaka mzima na magharibi haisogei sana. Akanisikiliza, kisha akapiga hesabu yake: kila siku ananyimwa zaidi ya saa mbili za kucheza. Siku ya tatu alimwendea babu yake akamwambia Lamu inadaiwa saa nane. Babu akakubali deni. Akamwambia atalipwa kuanzia alfajiri, na kweli akaanza kumwamsha kwa adhana, watoke wote wawili kwenda kununua mahamri na mbaazi. Mwisho wa wiki ya pili mtoto alikuwa akilala mwenyewe baada ya isha, kijiko bado mkononi. Kwangu London jambo hilo halijapata kutokea, na ndiyo sababu nakwambia: usilete ratiba ya huku. Waachie wazee ratiba yao, wameifanyia kazi miaka mingi kuliko sisi.

Lakini kubwa zaidi ni saa ya mkononi. Binti yangu ana miaka minane, na siku ya Idi alipewa saa ya mishale ambayo haivui hata kuoga. Mama akamwambia usiku, "Kesho saa tatu twatoka, twenda Shela kwa khalati wako," yaani shangazi wa upande wa mama. Asubuhi mama keshavaa buibui, boti imeshawekwa, na binti yuko kitandani anasoma kitabu, mtulivu kabisa. Nikamuuliza vipi? Akasema, "Bibi kasema saa tatu. Bado saa sita nzima." Mama akasema saa tatu ndiyo hii. Binti akanyoosha mkono, mshale mfupi uko kwenye tisa. Wakatazamana, kila mmoja ana uhakika, na mwenye boti anaita kutoka gatini.

Mama yangu hakusoma skuli ya kuandikia ubao, lakini alichofanya pale sijakiona kwa mwalimu yeyote. Akaushika mkono wa mjukuu wake, akaweka ncha ya kidole, na hina bado imo ukuchani, juu ya ile tisa. Akakivuta kile kidole polepole juu ya kioo, akapita katikati, akatokea upande wa pili. Kidole kikasimama kwenye tatu. "Mshale wakutazama, wewe tazama kisogo chake." Binti akajaribu saba: ng'ambo yake moja. Kumi na mbili: ng'ambo yake sita. Akapiga kelele akakimbia kumwonyesha kila aliyemkuta ndani ya nyumba, na boti ikazidi kungoja.

Basi mdogo wangu, kabla hujafunga begi nunua saa ya ukutani ya mishale, ya bei ndogo. Ile ya tarakimu haisaidii, haina kisogo. Itundike jikoni sasa, wiki mbili tatu kabla ya safari, na watoto wawe wanasoma pande zote mbili. Mama yako akiwaambia saa nane ni chakula, wajue ni chakula.

Kuna na saa ya tatu, ya bahari. Wanao watataka kuoga kila siku saa ile ile, na bahari haikubali. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na hupwa sana, na kwetu hujaa karibu na saa kumi. Kila siku inayofuata yachelewa kama dakika 50. Binti aliandika jedwali kwa penseli ya rangi akalibandika mlangoni, na wiki ya pili watoto wa mtaa mzima wakawa wanakuja kumuuliza yeye. Ila Julai ni kusi, upepo ni mkali. Waogee upande wa mji ndani ya mkondo, na mtu mzima awe majini nao. Pwani ya nje ya Shela ina mawimbi, usiwaachie hata kwa dakika moja.

Sasa kuhusu skuli, sikiliza vizuri. Kwa England, tangu Agosti 2024, mtoto akikosa vipindi 10 vya nusu siku, yaani siku 5, bila ruhusa ndani ya wiki 10 za masomo, wazazi waweza kutozwa faini. Ni pauni 80 kwa kila mtoto, kwa kila mzazi, ukilipa ndani ya siku 21. Ukipita hapo ni 160 mpaka siku ya 28. Watoto wawili na wazazi wawili ni pauni 320 kwa bei ya chini. Na hizo siku huhesabiwa pamoja na nyingine alizokosa bila ruhusa, kwa hivyo "siku chache" zako huenda zikawa si chache. Omba ruhusa kwa maandishi. Ukikataliwa, lipa nauli ya juu na uende kwa amani.

Na daktari mwone sasa, usingoje. Watoto waliozaliwa huku hawana kinga ya malaria, na sisi wenyewe tuliokaa huku miaka, kinga yetu imepungua. Kuna dawa za kukinga zinazoanzwa wiki mbili au tatu kabla ya kusafiri. Usikubali shangazi yeyote akwambie "mbona sisi tulikua tu". Chandarua kila usiku, na dawa kama alivyoandika daktari mpaka imalizike hata mkisharudi.

Kutoka: baba wa watatu, München, Ujerumani (kwetu Malindi)

Dada umesema kweli. Sisi wa Bavaria likizo yetu ni Agosti mpaka katikati ya Septemba, kwa hivyo faini hizo hazituhusu, lakini saa ilitupata pia. Mimi naongeza sweta.

Kwetu miezi hii ndiyo ya baridi. Wanangu walishuka Malindi na fulana, jasho lawatoka, huku mama yangu amejitanda mtandio na sweta juu. Alipowaona mikono wazi jioni, kusi lavuma, alipiga ukemi. Dakika kumi baadaye wote watatu walikuwa wamevalishwa sweta za binamu zao, vifua vimepakwa mafuta ya nazi, nyuso nyekundu kama embe. Mke wangu akataka kuwavua. Nikamzuia. Nikampeleka mama kando nikamwambia kwa adabu kwamba Januari wale watoto hucheza kwenye theluji. Akafikiri sana, akasema, "Ndiyo maana. Baridi imeshawaingia, sasa twaitoa." Tukapatana hivi: sweta kutoka magharibi mpaka isha, kisha zinavuliwa. Mama akaridhika, watoto wakaishi. Panga makubaliano hayo siku ya kwanza, maana ukichelewa huyapati.

Kutoka: khalati, Lamu, Mkomani

Salaam zenu wanangu huko mliko. Mimi niko huku huku, nawasoma tu, lakini hili la saa limenigusa.

Waambieni wana pia kwamba kwetu siku yaanza magharibi. Mpwa wangu alikuja na mwanawe, nikawaalika chakula usiku wa Ijumaa. Nimepika wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, nimengoja mpaka nimechoka. Wao wakaja kesho yake, wamependeza, mtoto ana ua mkononi. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi ikishachwa! Niliwapasha moto yaliyobaki na ua nikalitia majini.

La pili ni lugha. Kiswahili cha vitabuni wana wanacho, mashallah. Lakini sisi twasema Kiamu. Yule mwana wa mpwa wangu kila nikimwita "Ndoo, mwanangu, ndoo!" alikimbilia msalani akaniletea ndoo. Tena kwa bidii, mara nyingine ina maji. Nami nasema moyoni mtoto huyu ana huduma, namshukuru, naiweka pembeni. Siku ya nne nina ndoo tano mlangoni. Mamake ndiye aliyenieleza kwamba kwao "njoo" ni njoo, na ndoo ni ya maji tu. Basi wafundisheni: ndoo ni njoo, ndia ni njia, ndaa ni njaa, moya ni moja. Hayo yawatosha kushinda nyumbani kwa bibi. Mengine tutawapa wakija.

Na mikono ya wazee wajue kuibusu, si kuipunga tu kwa mbali.

Kutoka: mama wa wawili, London

Nawashukuru nyote, na khalati nakubusu mkono tangu huku. Daktari tunaye Jumatatu. Mabegi nimebadilisha. Tarehe za safari nimesogeza mpaka skuli zifunge.

Saa ya mishale nilinunua siku ile ile, nikaitundika jikoni, nikawafundisha kwa kidole kama alivyofanya bibi wa Langoni. Mdogo hakuelewa, aliona ni mchezo. Mkubwa alielewa kwa dakika tano.

Sasa mlangoni mwa friji yetu kuna karatasi niliyoandika tangu mwaka jana: KULALA SAA 7. Jana nikamwambia panda juu, wakati umefika. Akaja na kiti, akapanda, akaweka kidole juu ya mshale mfupi, akakivuta mpaka upande wa pili. "Mama, ni saa moja tu. Karatasi yasema saa saba. Saa saba ni usiku wa manane."

Nimeiandika upya: KULALA SAA 1. Leo asubuhi nimekuta ameongeza kwa kalamu yake chini: *ya wapi?*